Mdudu Aliyeikwepa Hadubini

Kikohozi kilinianza mwanzoni mwa mwaka 2013, nikiwa Busunzu, mkoani Kigoma. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili na Jiografia katika sekondari ya kata, nimepangiwa huko kutoka Muheza, Tanga, na baridi ya asubuhi ya nchi ile ilikuwa bado haijanizoea. Kwa hiyo nilipoanza kukohoa nililaumu baridi. Baridi ilipopungua nikalaumu chaki, na chaki nilipoziacha wiki nzima kwa sababu ya mitihani, nikalaumu vumbi jekundu la barabara ya Kasulu ambalo lilituingilia hadi kwenye vyungu. Mtu asiyetaka kuumwa hakosi cha kulaumu.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa mama mmoja mjane. Alivuka kutoka Burundi mwaka 1972 akiwa bi harusi mbichi, akaishi miaka mingi kwenye makazi ya wakimbizi, akazaa na kulea huko, na wakati nilipomfahamu alikuwa raia wa Tanzania kama mimi. Alilima maharage na muhogo, na siku za gulio aliuza mawese. Alikaa na mjukuu wake wa kike wa miaka minne, ambaye mama yake alifanya kazi Kigoma mjini. Mtoto yule alinipenda bila sababu. Nikirudi kutoka shuleni alinisubiri kwenye ngazi ya nyumba, akapanda mapajani mwangu, na mara nyingi alilala hapo hapo nikiwa nasahihisha madaftari.

Zahanati walinipa dawa ya vidonge ya siku kadhaa, nikamaliza, kikohozi kikabaki. Nikaenda hospitali Kibondo. Walinipima malaria, hakuna. Wakanipa kikopo nikateme makohozi, nikarudi kesho yake nikatema tena, na mara zote mbili jibu lilikuwa kwamba hawakuona kitu kwenye hadubini. Picha ya kifua ilionyesha ukungu upande mmoja, lakini tabibu aliyeisoma alisema inaweza kuwa nimonia iliyokawia kupona. Nikapewa dawa nyingine kali zaidi. Nilirudi nyumbani nimefurahi, maana niliamini kwamba kisichoonekana hakipo.

Mwezi uliofuata sketi zangu zilianza kuzunguka kiunoni. Nilipoamka shuka lilikuwa limelowa jasho, na huku nje watu walikuwa wamejifunga makoti. Nikipanda mlima mdogo wa kwenda shuleni nilisimama katikati, nikijifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Wenzangu ofisini walikuwa watu wema, ila nilianza kuona kiti cha jirani yangu kikisogea kidogo kidogo kuelekea dirishani. Mama yangu alipiga simu kutoka Muheza akaniambia niombe uhamisho nirudi, kwamba huko Kigoma kuna watu wamenitupia jicho baya. Sikumbishia. Sikuwa na pumzi ya kubishana na mtu.

Aliyesema kweli alikuwa mama mwenye nyumba. Ilikuwa jioni, tumekaa uani akichambua maharage, mimi nikiwa nimejifunika kanga mbili. Nikakohoa, kikohozi kile kirefu kinachomfanya mtu ashike mbavu. Alisubiri kiishe. Kisha akaacha ungo.

“Mwalimu, kikohozi hiki mimi nakifahamu,” akasema. “Nimelala nacho nyumba moja.”

Akanieleza habari za mumewe. Walikuwa kwenye makazi, wameshakaa huko miaka kama kumi, wakati mumewe alipoanza kukohoa na kukonda. Zahanati ya wamisionari ilimkuta na kifua kikuu. Wakati ule dawa yake ilikuwa sindano kila siku kwa muda mrefu, halafu vidonge zaidi ya mwaka mzima. Zahanati ilikuwa mbali. Alitembea kila asubuhi kwenda kuchomwa, makalio yakamvimba hata kukaa hakuweza, na masikio yakaanza kumpigia kelele. Akapata nafuu. Mvua za kupanda zilipokuja, na nguvu ikiwa imerudi, alishika jembe akasema vidonge atavimalizia baada ya mavuno. Ugonjwa ulirudi kabla ya mavuno, na safari hiyo haukusikia dawa. Alizikwa huko huko kwenye makazi.

Alinisimulia bila kulia, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda mahali. Nikamwambia kwamba mimi nimepimwa mara mbili na hawakuona mdudu. Akanijibu kwamba hata kwa mumewe, mara ya kwanza, hawakumwona. Halafu akamwita mjukuu wake, ambaye alikuwa amekwisha kuanza kunipanda mapajani, akamtuma ndani alete chumvi. Chumvi haikuhitajika. Nilielewa, na sikumlaumu.

Juma lile lile tulikwenda Kibondo pamoja. Tabibu alikuwa mwingine, mwanamke mwenye asili ya Mbeya, aliyehamishiwa Kibondo siku chache tu kabla ya hapo. Aliishika ile picha yangu kwenye mwanga wa dirisha kwa muda, akauliza juu ya jasho na uzito, akamsikiliza pia mama mwenye nyumba, ambaye hakuulizwa lakini alijibu. Akasema Kasulu wameletewa mashine mpya ya kupima makohozi, ya aina ambayo nchini bado zilikuwa za kuhesabika, na kwamba inaweza kuona hata pale hadubini inaposhindwa. Nikauliza kama nisubiri kwanza dawa zile kali ziishe. Akasema nisisubiri.

Kasulu tulifika mchana. Maabara ilikuwa chumba kimoja safi chenye harufu ya spiriti, na mashine yenyewe ilinivunja moyo kwa udogo. Nilitarajia kitu cha kujaza ukuta. Ilikuwa kisanduku cheupe cha kukaa juu ya meza, chenye vilango vya mbele, na kompyuta pembeni. Mtaalamu wa maabara, mwanamke wa makamo aliyevaa barakoa, alinituma nje kwenye upepo nikateme. Nilipomrudishia kopo akachanganya makohozi na dawa, akayasubirisha, akayamimina ndani ya kikasha kidogo cha plastiki, akakitumbukiza kwenye kilango kimoja na kukifunga. Basi. Mashine ikaanza kunguruma taratibu kama jokofu.

Nilimwuliza mdudu aliyekwepa hadubini ataonekanaje humo.

“Hadubini inataka wadudu wawe wengi ndipo jicho langu liwaone,” akasema. “Wakiwa wachache, naweza kukaa hapa kutwa nisimwone hata mmoja. Hii haitafuti mdudu mzima. Inatafuta alama yake ya urithi, ile ambayo mdudu mwingine hana, kisha inainakili tena na tena mpaka iwe nyingi ya kutosha kusomeka.”

Akaongeza kwamba hapo hapo mashine ingesema kama mdudu huyo amekuwa sugu kwa dawa kubwa ya kifua kikuu. Zamani, kulijua hilo kulitaka makohozi yapelekwe mbali, yaoteshwe, na mgonjwa angoje miezi. Wengine walikufa wakingoja. Sasa ilikuwa ni kungoja kama saa mbili, umeme ukikubali.

Umeme haukukubali. Ulikatika mashine ikiwa katikati ya kazi, na moyo wangu ukakatika nao, lakini ilikuwapo betri kubwa chini ya meza na ule mngurumo haukusita. Tukakaa kwenye benchi la nje. Mama mwenye nyumba alinunua ndizi mbivu akanilazimisha kula. Aliniuliza tu kama mama yangu anajua tuko hapa, nikasema hajui, akasema nikipata jibu nimpigie kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote.

Jibu lilitoka jua likiwa bado juu. Kifua kikuu kipo. Usugu haupo.

Watu wakisikia kwamba nilicheka hawaamini. Nilicheka, nikakohoa, nikacheka tena, kwa sababu kwa miezi kadhaa nilikuwa nikipigana na kitu kisicho na jina. Walinipima pia virusi vya UKIMWI kama wanavyompima kila mwenye kifua kikuu, na kile kipimo kidogo cha tone la damu kilinitetemesha kuliko mashine. Sikuwa navyo. Mama mwenye nyumba aliposikia yote mawili alinishika kichwa kwa mikono miwili. “Ihangane, mwana wanje,” akaniambia kwa Kirundi, yaani vumilia, mwanangu. Tangu siku ile hakuniita mwalimu tena, isipokuwa mbele za watu.

Nilimpigia mama yangu. Akauliza kama ni kweli kinapona. Nikamsomea majina ya dawa kwenye pakiti, zote nne ndani ya kidonge kimoja, na kumwambia ni miezi sita. Yeye naye alikuwa anamkumbuka mtu: shangazi yake aliyepelekwa hospitali ya kifua Kilimanjaro akakaa huko karibu miaka miwili. “Miezi sita tu?” akauliza. Niliisikia sauti yake ikilainika.

Utaratibu ulitaka nichague mtu wa nyumbani wa kunisimamia nikimeza dawa. Nilidhani mama mwenye nyumba angeogopa. Alikubali kabla nesi hajamaliza kueleza. Kuanzia kesho yake, kila alfajiri kabla sijala kitu, aligonga mlango wangu akiwa na kikombe cha maji, akasimama hapo hapo mlangoni mpaka vidonge vyote vimeshuka. Wakati mwingine aliniambia nifungue mdomo. Nilikuwa mtu mzima mwenye shahada, na nilifungua mdomo.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Mkojo ulitoka mwekundu kama chai ya rangi, na ingawa nesi alishanionya, nilishtuka kila mara. Magoti yaliniuma, tumbo lilikataa mchuzi. Lakini lililonisumbua kuliko hayo lilikuwa yule mtoto. Niliposoma karatasi niliyopewa kliniki, nilihesabu moyoni jioni zote alizolala mapajani mwangu nikimkoholea utosini. Nilimwambia bibi yake kwamba kama mtoto ameambukizwa sitaweza kuishi na jambo hilo.

Alinijibu kwa utulivu kwamba tumpeleke apimwe badala ya kukaa tunaogopa. Tulimpeleka Kibondo. Walimpima uzito, wakamsikiliza kifua, wakauliza kama anakohoa, anakula, anacheza. Hakuwa mgonjwa. Lakini kwa umri wake, na kwa kuwa alikaa na mimi, tabibu yule wa Mbeya alimpa dawa ya kinga, kidonge kimoja cha kusagwa kila siku kwa miezi sita, ili kama mdudu ameingia azimwe kabla hajaamka. Mama mwenye nyumba alikigeuza kidonge kile mkononi na kuuliza kama ni kweli kuna dawa ya kumpa mtu ambaye bado hajaugua. Alipoambiwa ndiyo, akakirudisha kwenye pakiti. Tulipokuwa njiani kurudi ndipo aliposema kwamba wakati wa mumewe walikuwa na watoto watatu ndani ya nyumba, na hakuna aliyewapa kitu. Walinusurika kwa bahati tu, akasema, na bahati si ya kuitegemea mara mbili.

Basi alfajiri zetu zikawa za wanywaji dawa wawili. Mtoto aliletewa yake kwenye uji, mimi yangu na maji, na yeye alikataa kunywa mpaka ahakikishe mimi nimemeza. Alikuwa amejifunza hilo kwa bibi yake.

Mfungo wa Ramadhani ulinikuta katikati ya dozi. Tulikuwa Waislamu wachache Busunzu, na mfungo ulikuwa ndiyo uzi ulioniunganisha na nyumbani. Nikapanga nimeze dawa wakati wa daku na kufunga kama kawaida. Nilijaribu siku ya kwanza. Kufika adhuhuri darasa lilizunguka, nikashika ubao. Imamu wa msikiti wetu mdogo, mzee aliyekuwa na duka la vifaa vya baiskeli, alipopata habari alikuja mwenyewe hadi uani kwetu. Aliniambia kwamba mgonjwa ameruhusiwa kula, atalipa akipona, na kwamba kuikataa ruhusa ya Mwenyezi Mungu si uchamungu. Mama mwenye nyumba, ambaye ni mwanakwaya wa kanisani kwao, alimsikiliza kwa makini akamshukuru kana kwamba maneno yale aliambiwa yeye. Kuanzia hapo alinipikia uji mchana, akauleta chumbani umefunikwa ili nisile mbele ya watu. Mwaka uliofuata, nilipokuwa nalipa siku zangu, naye hakula chakula cha jioni mpaka nimefuturu. Sikumwomba afanye hivyo.

Baada ya miezi miwili ya dawa nilipimwa tena, makohozi yakawa safi. Sketi zikaacha kuzunguka. Ofisini kile kiti kilirudi mahali pake, polepole kama kilivyoondoka, na mwenye nacho siku moja aliniomba nimweleze dalili zote, kwa kuwa kaka yake aliyeko Muyama alikuwa anakohoa. Nilimweleza kila kitu, hadi rangi ya mkojo.

Siku niliyomaliza dozi, mama mwenye nyumba alivaa kitenge chake cha kanisani akanisindikiza Kibondo. Tabibu alipotuambia kwamba nimepona, mama aliuliza swali ambalo nadhani alikuwa amekaa nalo miezi yote. Aliuliza ilikuwaje sindano zile na ule mwaka na nusu vikawa miezi sita ya vidonge. Nani aligundua kwamba inatosha?

Tabibu akaketi tena. Akatueleza kwamba dawa mpya zilipopatikana, madaktari hawakujua zinahitaji muda gani. Njia ya kujua ilikuwa moja tu: wagonjwa wakubali kutibiwa kwa utaratibu mpya, wafuatiliwe baada ya dawa kwisha, ionekane nani amepona na nani ugonjwa umemrudia. “Na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika huku kwetu Afrika Mashariki,” akasema, “tangu miaka ya sabini. Wagonjwa walikuwa watu wa kawaida, wakulima, akina mama.”

Mama akauliza kama mumewe angeweza kuwa mmoja wao. Tabibu angeweza kumpa jibu tamu, na hakumpa. Alisema hadhani, maana hao walitibiwa kwa dawa mpya, na yeye alitibiwa kwa zile za zamani. Mama akatikisa kichwa kukubali. Kisha akasema, “Basi hao waliokubali, Mungu awalipe. Huyu mwanangu amepona kwa ajili yao.”

Mimi nilikuwa nimeshukuru watu wengi kufikia siku ile: waliotengeneza kisanduku kile cheupe katika nchi nisiyoijua, fundi aliyefikiria betri chini ya meza, nesi wa kliniki. Wale wagonjwa sikuwa nimewawazia kamwe. Mtu fulani, pengine mwalimu kama mimi, alimeza vidonge hivi wakati hakuna aliyejua kama vitatosha, na alipomaliza akakubali kurudi kupimwa tena na tena, ili mimi nisihitaji kubahatisha. Sijui jina lake na hatalijua langu. Nimekuwa nikimwombea katika sala zangu.

Mwaka 2015 Warundi walianza kuvuka tena, na mwisho wa mwaka kambi ya Nduta ikafunguliwa upya. Mama mwenye nyumba alipigiwa simu: binti wa dada yake yuko huko, na watoto wawili. Hakuwa amewahi kumwona kwa macho. Tulikutana naye kwenye soko linalopakana na kambi, mwanamke mwembamba aliyejifunga blanketi jua likiwaka. Alisalimia, akageuka pembeni, akakohoa akishika mbavu.

Mama na mimi tulitazamana. Alimpeleka pembeni wakazungumza kwa Kirundi, nami nilielewa nusu tu. Binti alikuwa anakataa. Alisema ni vumbi la safari. Kisha akasema kweli, kwamba ikijulikana ana kifua kikuu, wenzake wa hema watamtoa nje na watoto wake. Mama hakumkaripia. Alinivuta mkono akanisimamisha mbele yake.

“Mtazame huyu,” akamwambia, sasa kwa Kiswahili ili na mimi nisikie. “Alikuwa mwembamba kuliko wewe. Nilimpa dawa kwa mkono wangu.”

Binti alinikagua kuanzia miguuni mpaka usoni. Mimi si mnene, lakini siku ile nilijitahidi kusimama kama mtu mnene. Akaniuliza kama sindano zinauma. Nikamwambia sindano hakuna, ni vidonge, na watoto wake nao wataangaliwa. Akaniuliza ni muda gani. Nilipomwambia, alimgeukia mama mwenye nyumba kuhakikisha kwamba sidanganyi.

Alikwenda kliniki ya kambi kesho yake. Makohozi yake yalipimwa kwa mashine kama ile ile, na jibu lilikuwa kama langu. Mtoto mdogo alianza dawa ya kinga. Majirani wa hema walinong'ona siku chache, kisha mmoja wao akaja kuuliza mashine iko upande gani.

Tuliporudi kumtembelea miezi michache baadaye, tulimkuta amekaa mlangoni akisuka nywele za mwanawe, blanketi ameliweka kando. Mama alimpa dagaa na mawese, wakapiga soga mpaka jua likaanza kushuka. Tulipoagana alitusindikiza hadi mwisho wa mahema, akipanda kilima cha njiani bila kusimama. Njiani mama aliniambia mvua zimekaa vizuri, na Jumamosi atapanda maharage bondeni, kama nina nafasi. Nilikuwa nayo. Nilimwambia aniwekee jembe.